Fataki juu ya maji: Amri inapokwisha, hatari ndiyo kwanza huanza

Kila mwaka, kuanzia New York hadi Sydney, mamlaka za bandari hufunga sehemu za maji kwa saa chache ili fataki zirushwe kwa usalama. Amri hizo zimefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuwakinga watu na moto wa baruti. Hata hivyo, baadhi ya ajali mbaya zaidi zinazohusishwa na maonyesho hayo hazikutokea ndani ya mpaka uliowekwa. Zilitokea nje yake, watazamaji wakiwa njiani kwenda au kurudi.

Usiku mmoja, pwani mbili

Usiku wa Julai 4 mwaka 2012, Wamarekani walikuwa wakiadhimisha siku ya uhuru wao kwa fataki, kama ilivyo desturi yao. Katika ghuba ya San Diego, jimbo la California, maelfu ya fataki zilikuwa zimepakiwa juu ya matishari, yaani vyombo bapa ambavyo huvutwa na tagi na kutiwa nanga katikati ya maji.

Dakika chache kabla ya saa 3 usiku, hitilafu katika mfumo wa kompyuta uliopaswa kuwasha fataki hizo moja baada ya nyingine ilisababisha karibu zote zilipuke kwa pamoja. Onyesho lililopangwa kuendelea kwa zaidi ya robo saa lilimalizika katika muda usiofika nusu dakika. Anga iligeuka nyeupe, kisha giza likarejea.

Hakuna aliyejeruhiwa. Watazamaji walibaki na masikitiko, na baadaye mkasa wao ukawa kichekesho cha dunia nzima kwenye intaneti. Lakini kwa wanaohusika na usalama wa majini, tukio hilo lilikuwa ushahidi kwamba amri ya kuziweka boti mbali ina maana. Shehena nzima ya fataki ililipuka ghafla, bila kutarajiwa, na hapakuwa na boti ya mtazamaji iliyokuwa karibu kiasi cha kudhurika.

Upande wa pili wa nchi hiyo, saa chache tu kabla, mambo yalikuwa tofauti. Katika ghuba ya Oyster Bay, kisiwani Long Island, karibu na jiji la New York, onyesho la fataki lilikwisha salama. Boti zilizokusanyika kutazama zikaanza kung'oa nanga na kuelekea nyumbani gizani. Miongoni mwao ilikuwamo Kandi Won, boti ya starehe yenye urefu wa futi 34, yaani kama mita 10 hivi, ikiwa imebeba watu 27.

Boti hiyo ilipinduka. Watu 24 waliokolewa na waliokuwa kwenye boti za jirani pamoja na waokoaji. Watoto 3 waliokuwa katika chumba cha ndani hawakuweza kutoka, wakafariki dunia.

Matukio hayo mawili yakiwekwa pamoja, yanaibua swali ambalo kanuni za maonyesho ya majini hazijalijibu kikamilifu. Kule baruti ilikokwenda kombo, kila mtu alirudi nyumbani. Kule baruti ilikofanya kazi kama ilivyokusudiwa, familia zilizika watoto.

Jinsi amri inavyotolewa

Nchini Marekani, mamlaka ya kufunga maji yako mikononi mwa Walinzi wa Pwani, kikosi ambacho tangu mwaka 2003 kipo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Katika kila ukanda wa pwani kuna afisa anayeitwa Kapteni wa Bandari. Chini ya sheria ya usalama wa bandari na njia za majini ya mwaka 1972, afisa huyo anaweza kutangaza kile kinachoitwa eneo la usalama, na kuanzia hapo hakuna chombo kinachoruhusiwa kuingia, kupita wala kutia nanga humo bila idhini yake.

Neno linalotumika katika amri hizi ni la muda. Eneo huwekwa kwa saa kadhaa, mara nyingi kuanzia kabla ya fataki ya kwanza hadi mafundi watakapohakikisha kuwa hakuna iliyobaki bila kulipuka. Katika ghuba ya San Francisco, kwa mfano, imekuwa kawaida eneo kuanza likiwa dogo, la futi 100 tu kuzunguka tishari linapopakiwa na kuvutwa, kisha kupanuliwa kwa kiasi kikubwa muda mfupi kabla ya onyesho.

Tangazo huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, hupelekwa kwa manahodha kupitia ilani za ubaharia, na husomwa redioni kwenye masafa ambayo vyombo vya majini husikiliza. Usiku wenyewe, boti za doria husimama mpakani, na nahodha anayekaidi anaweza kutozwa faini au kukamatwa.

Katika baadhi ya miji, amri hizi zimekuwa sehemu ya maisha ya kawaida. Huko Chicago, ambako kwa miaka mingi fataki zimekuwa zikirushwa mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi kwenye gati la Navy Pier, kuna kanuni ya kudumu inayofunga sehemu ya bandari kila inapohitajika, badala ya kuandika amri mpya kila mara.

Kipimo cha baruti

Je, mpaka huwekwa umbali gani? Jibu linatokana na kanuni ya kiufundi inayotumiwa sana nchini Marekani. Kwa kila inchi moja ya unene wa fataki kubwa kuliko zote, watazamaji huwekwa umbali usiopungua futi 70, yaani mita 21 hivi. Fataki yenye unene wa inchi 6 huhitaji futi 420, sawa na mita 128. Ile ya inchi 12 huhitaji futi 840, ambazo ni mita 256.

Kanuni hiyo ina sifa ya kueleweka kwa urahisi. Haimhitaji afisa kubahatisha, wala haimwachii mwandaaji nafasi ya kupunguza umbali ili wageni wake wakae karibu. Kilichotokea San Diego kinathibitisha kuwa hesabu hiyo inastahimili hata hitilafu kubwa.

Lakini kinachopimwa hapo ni fataki. Hesabu ya futi 70 kwa inchi haisemi lolote kuhusu idadi ya boti zitakazokusanyika nje ya mpaka, wala idadi ya watu ndani ya kila boti, wala uwezo wa wanaoziendesha. Fataki ndogo katika ghuba nyembamba yenye mamia ya boti itapewa mpaka mdogo. Fataki kubwa mahali pasipo na mtu itapewa mpaka mkubwa. Ukubwa wa umati haumo katika hesabu.

Tena mpaka wenyewe una tabia ya kuzisogeza boti karibu. Zikishazuiwa kuingia katikati, hujipanga kwenye ukingo wa eneo lililofungwa, ubavu kwa ubavu, kila nahodha akitafuta mahali pa kuona vizuri. Watu hupanda juu ya paa la boti au husimama upande mmoja unaoelekea fataki. Mabaharia wanajua maana yake. Uzito ukipanda juu, au ukiegemea ubavu mmoja, chombo hupoteza utulivu, na wimbi ambalo lisingekitikisa mchana linaweza kukilaza.

Kisha fataki ya mwisho huzimika. Wote huwasha injini kwa wakati mmoja, gizani, macho yakiwa bado yamepofushwa na mwanga, wengine wakiwa wamekunywa pombe, watoto wakiwa wamechoka. Kila boti huacha mawimbi nyuma yake, na mawimbi ya boti nyingi hukutana na kugongana mahali pamoja. Huo ndio wakati ambapo amri ya muda, kwa mujibu wa maandishi yake, imefikia ukomo au inakaribia kufikia.

Miami na Hong Kong

Ajali ya Oyster Bay si ya pekee. Usiku wa Julai 4 mwaka 2014, miaka miwili kamili baadaye, boti ziligongana katika ghuba ya Biscayne, jijini Miami, zilipokuwa zikirejea kutoka kutazama fataki. Watu 4 waliuawa na wengine kujeruhiwa. Hapo pia, baruti haikuhusika.

Maafa makubwa zaidi ya aina hiyo yalitokea Hong Kong. Jioni ya Oktoba 1 mwaka 2012, siku ya taifa ya China, meli ndogo Lamma IV iliondoka kisiwa cha Lamma ikiwa imewabeba wafanyakazi wa kampuni ya umeme na familia zao, waliokuwa wakienda kutazama fataki katika bandari ya Victoria. Kabla hawajafika mbali, iligongana na feri ya abiria iliyokuwa ikija kisiwani humo. Sehemu ya nyuma ya Lamma IV ilizama katika muda wa dakika 2 hivi. Watu 39 walifariki dunia, wakiwemo watoto.

Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye iligundua mambo ya kutisha. Mlango wa kuzuia maji usipite kutoka chumba kimoja cha chini hadi kingine haukuwepo, ingawa ulipaswa kuwepo. Maboya ya kujiokolea ya watoto hayakuwepo. Mwaka 2015, nahodha wa feri alihukumiwa kifungo cha miaka 8 kwa kuua bila kukusudia, na nahodha wa Lamma IV alifungwa miezi 9 kwa kuhatarisha usalama wa watu majini.

Hong Kong ina utaratibu wake wa kufunga bandari ya Victoria wakati wa fataki. Utaratibu huo haungeweza kuwasaidia abiria hao, kwa sababu walikuwa kilomita kadhaa kutoka eneo lililofungwa. Hata hivyo ni fataki zilizowatoa nyumbani jioni ile, wakaingia majini pamoja na watoto wao.

Nchi kavu nako kuna mifano inayofanana. Usiku wa kuamkia Januari 1 mwaka 2013, mjini Abidjan, Ivory Coast, zaidi ya watu 60 walikufa katika msongamano baada ya kutazama fataki za mwaka mpya, umati ulipokuwa ukitawanyika. Jijini Kampala, Uganda, watu wasiopungua 9 walikufa saa za mwanzo za mwaka 2023 katika jengo la maduka la Freedom City, waliposukumana kwenye njia nyembamba wakati wa fataki. Katika miji yote miwili, kilichoua ni njia ya kupita.

Kwa nini amri haivuki mpaka wake

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mamlaka zisipanue tu amri hizo ziguse pia safari ya kurudi. Zipo sababu, na si zote za kupuuzwa.

Ya kwanza ni ya kisheria. Eneo la usalama limewekwa ili kuzuia watu kukaribia hatari inayojulikana mahali ilipo. Boti iliyo njiani kurudi nyumbani haikaribii hatari yoyote iliyochorwa kwenye ramani. Mwendo wake, idadi ya watu wake na cheti cha nahodha wake ni mambo yanayotawaliwa na kanuni nyingine, ambazo nchini Marekani kwa sehemu kubwa ni za majimbo.

Kanuni hizo nazo zina mianya. Sheria ya shirikisho inataka boti ndogo za injini, zisizofika urefu wa futi 20, ziwe na kibao kinachotaja idadi ya juu ya watu zinaoweza kubeba. Kandi Won, yenye futi 34, haikulazimika kuwa na kibao hicho. Wachunguzi walitaja wingi wa watu kuwa miongoni mwa sababu za kupinduka kwake, lakini hapakuwa na namba iliyoandikwa popote ambayo mwenye boti angeweza kusemwa ameivuka.

Vivyo hivyo kuhusu maboya. Kanuni ya shirikisho inataka mtoto wa chini ya miaka 13 avae boya la kujiokolea boti inapokwenda, isipokuwa akiwa katika chumba cha ndani. Watoto watatu wa Oyster Bay walikuwa katika chumba cha ndani. Inapasa kusemwa pia kwamba boti ikishapinduka, boya linaweza kumsukuma mtu aliye chumbani kuelekea sakafu iliyogeuka kuwa dari, likamzuia kupiga mbizi hadi mlangoni. Ndiyo maana suala la kuhesabu watu kabla ya kuondoka lina uzito kuliko suala la kuwavisha maboya baada ya kuondoka.

Sababu ya pili ni uhaba wa vyombo vya doria. Usiku wa Julai 4 maonyesho hufanyika katika mamia ya miji kwa saa ileile. Boti chache zilizopo husimama kwenye mpaka, kwa kuwa hapo ndipo amri ilipo. Onyesho likiisha, doria haiwezi kusindikiza kila familia hadi gatini.

Sababu ya tatu ni ucheleweshaji. Sheria ya utawala ya Marekani ya mwaka 1946 inataka wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni kabla kanuni haijaanza kutumika, na kwa kawaida zipite siku 30 tangu ichapishwe. Lakini inaruhusu hatua hizo zirukwe pakiwa na sababu nzuri. Amri nyingi za fataki hupitia mlango huo, na maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba taarifa za mwandaaji zilifika zikiwa zimechelewa mno kuwezesha kukusanya maoni. Matokeo yake ni kwamba wale wanaoyajua maji ya eneo hilo kuliko wote, yaani wavuvi, madereva wa teksi za majini na wenye magati, mara nyingi huisikia amri ikiwa tayari imekwisha kuandikwa. Mtu ambaye angeweza kueleza kwamba mlango wa hori ni mwembamba na boti zitabanana pale wakati wa kutoka hakuulizwa.

Njia nyingine: Sydney na London

Ipo miji iliyojaribu kulitazama jambo hili kwa upana zaidi. Mjini Sydney, Australia, ambako fataki za mwaka mpya hurushwa kutoka daraja la bandari na kutoka matishari, mamlaka za jimbo hazifungi tu maji yanayozunguka fataki. Huweka maeneo ya kutia nanga, njia za kupita vyombo vyenye kibali, na kikomo maalumu cha mwendo ambacho huendelea kwa muda baada ya fataki za usiku wa manane kuzimika. Boti hutakiwa kuondoka taratibu. Kwa maneno mengine, amri ya Sydney inautambua msafara wa kurudi kuwa ni sehemu ya onyesho.

London ilichukua hatua ya namna hiyo kwa upande wa nchi kavu. Kwa miaka kadhaa kutazama fataki za mwaka mpya kando ya mto Thames kulikuwa bure. Umati ulipokua na kufikia kiasi cha nusu milioni, katika eneo ambalo lingeweza kuchukua watu wachache zaidi kwa usalama, ofisi ya Meya iliamua kuanzisha tiketi. Desemba 31 mwaka 2014, tiketi 100,000 ziliuzwa kwa pauni 10 kila moja. Uamuzi huo ulilalamikiwa, hasa na waliosema kuwa sherehe ya umma isiwe ya mwenye pesa. Lakini kwa mara ya kwanza kipimo cha usalama kilikuwa idadi ya watu.

Jimbo la New York nalo limepiga hatua, ingawa polepole. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2019 iliweka ratiba ambayo kwayo, ifikapo Januari 1 mwaka 2025, kila anayeendesha chombo cha injini katika maji ya jimbo hilo awe na cheti cha mafunzo ya usalama. Ni hatua ya maana. Hata hivyo, cheti humfundisha nahodha mmoja. Hakipangi utaratibu wa namna mamia ya manahodha watakavyotoka katika ghuba moja kwa wakati mmoja.

Gharama na anayeilipa

Wanaopinga kupanua amri hizi wana hoja inayostahili kusikilizwa. Maji ni barabara ya umma. Kila saa inayoongezwa kwenye amri ni saa ambayo mvuvi hatoki, feri haivuki na mwenye boti ya kukodisha hapati riziki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 inalitaka shirika la serikali lipime athari za kanuni zake kwa biashara ndogo, na katika amri za fataki jibu huwa karibu lilelile: athari si kubwa, kwa kuwa eneo ni dogo na muda ni mfupi.

Jibu hilo huenda ni sahihi kwa usiku mmoja. Ni vigumu zaidi kulikubali mahali ambapo maji hufungwa kila wiki msimu mzima. Tena faida na hasara haziendi kwa watu walewale. Hoteli, mabaraza ya miji na wafanyabiashara wa ufukweni ndio wanaovuna kutokana na umati. Anayesubiri nje ya mpaka hadi afunguliwe njia ni mtu mwingine.

Lakini hoja hiyo haipingi kila aina ya hatua. Kikomo cha mwendo kwa saa moja baada ya onyesho hakimzuii mvuvi kutoka. Kuruhusu boti ziondoke kwa mafungu, za karibu kwanza na za mbali baadaye, hakufungi bandari. Kuhesabu watu gatini kabla ya boti kuondoka ni kazi ya dakika chache. Hatua hizi zinagharimu kidogo kuliko kupanua eneo lililofungwa, na zinagusa mahali ambapo watu wamekuwa wakifa.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, fataki juu ya maji zinaweza kuonekana kuwa anasa za miji ya mbali. Lakini msingi wa jambo hili unajulikana vyema katika ukanda huo. Septemba 20 mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Ilikuwa siku ya gulio, na kivuko kilikuwa kimejaa watu na mizigo yao.

Miezi miwili baadaye, Novemba 24, boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Uganda wa ziwa hilohilo ikiwa na watu waliokuwa wakisherehekea, muziki ukipigwa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Maafisa walisema boti hiyo ilibeba watu kupita kiasi na haikuwa na leseni. Hapakuwa na fataki, ila mambo mengine yote yalikuwepo: sherehe, giza lililokuwa likiingia, chombo kilichoelemewa na abiria ambao wengi wao hawakuwa na maboya.

Kenya iliunda kikosi chake cha walinzi wa pwani mwaka 2018. Tanzania Bara ina shirika la wakala wa meli linalosimamia usalama wa vyombo majini, na Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini. Miji ya pwani kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam inategemea utalii na inapenda sherehe za ufukweni. Ikiwa siku moja mamlaka hizo zitaandika kanuni za fataki juu ya maji, haitakuwa vigumu kunakili hesabu ya futi 70 kwa inchi. Itakuwa busara zaidi zikianza na somo la Ukara, yaani kuhesabu watu kwanza.

Maelfu ya Waafrika Mashariki wanaoishi ng'ambo nao huhudhuria maonyesho haya, iwe London, New York au katika miji ya Ghuba kama Dubai na Abu Dhabi, na baadhi yao huchangishana kukodi boti kwa ajili ya familia nzima. Kwao maswali ya kumwuliza mwenye boti ni machache na mepesi. Boti hii inaruhusiwa kubeba watu wangapi, na sisi tuko wangapi? Maboya ya watoto yako wapi, na yanawatosha? Nani ataiendesha wakati wa kurudi, na je, atakuwa amekunywa? Tunaweza kusubiri nusu saa baada ya fataki ya mwisho, wengine waondoke kwanza? Mwenye boti anayeudhika kwa maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Kinachosubiriwa

Julai 4 mwaka 2026 ni siku ya kutimia miaka 250 tangu Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, na sherehe za namna hiyo huvuta vyombo vingi kuliko kawaida. Amri za kufunga maji hazikosekani katika siku kama hizo, na hakuna sababu ya kudhani kuwa hazitawakinga watu na baruti. Zimefanya hivyo mara nyingi.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayetoka baharini hana budi kurejea. Kanuni zilizopo zimeandikwa kana kwamba mtazamaji, akishaiona fataki ya mwisho, amekwisha kufika nyumbani. Mradi zinaendelea kuandikwa hivyo, boti za doria zitakuwa zikilinda tishari tupu lisilo na baruti tena, huku gizani, nje ya mpaka, mamia ya familia yakitafuta njia ya kurudi kila moja kwa bahati yake.